Baridi Humvizia Anayepumzika: Kufanya Mazoezi Katika Gereji Isiyo na Hita

Katika jiji la Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, wastani wa joto la usiku katika mwezi wa Januari ni takribani nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na kuna siku ambazo hata adhuhuri haipandi juu ya hapo. Nyumba zina hita, lakini gereji, yaani kile chumba cha kuegeshea gari kilichoshikana na nyumba, mara nyingi haina. Humo ndimo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunamoweka benchi, vyuma vichache na baiskeli ya mazoezi, kwa sababu nafasi ya ndani ni finyu, ada ya jimu ni mzigo, na zamu za kazi humalizika saa ambazo mtu hana tena nguvu ya kuendesha gari kwenye theluji. Gereji iliyofungwa vizuri hukinga upepo na huwa na joto kidogo kuliko nje, hasa upande unaopakana na nyumba, lakini katikati ya Januari maji yaliyosahaulika humo kwenye chupa huganda.

Mgeni akiuliza namna ya kufanya mazoezi katika chumba kama hicho hupewa majibu yanayopingana. Mmoja humwambia avae kila nguo aliyo nayo; mwingine humwambia avae fulana tu kwa kuwa mwili utapata moto wenyewe; wa tatu humshauri anunue hita; wa nne humwonya kwamba baridi itaharibu mapafu yake na kwamba ni heri angoje mwezi wa Aprili. Kila jibu lina ukweli ndani yake, na kila moja likifuatwa peke yake litamwumiza mtu. Kinachosahaulika ni kwamba katika muda wa dakika 40 za mazoezi mwili hupita katika hali kadhaa zisizofanana, na kinga inayofaa katika hali moja hugeuka hasara katika nyingine. Baridi ya mwanzo, ile ambayo watu wote huiogopa, ndiyo nyepesi kuliko zote. Shida hasa ni dakika za mapumziko kati ya seti moja na nyingine, yaani kati ya duru moja ya zoezi na inayofuata, na dakika kumi baada ya seti ya mwisho, wakati mwili umelowa na moto wake umeshapungua.

Ili jambo hili lieleweke, tuanze na joto ambalo mwili huzalisha. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la takribani wati 100, sawa na balbu moja ya zamani ya waya. Misuli inapofanya kazi, robo tu ya nguvu inayotokana na chakula, au pungufu ya hapo, hugeuka kuwa mwendo. Sehemu iliyobaki yote huwa joto. Kwa hiyo mtu anayekanyaga pedali kwa nguvu ya wati 150, ambayo ni bidii ya kawaida kwa aliyezoea, huwa anazalisha joto la wati 500 au zaidi. Hita ndogo ya umeme inayouzwa Marekani kwa matumizi ya nyumbani kwa kawaida haizidi wati 1500. Mfanya mazoezi, kwa maneno mengine, hubeba theluthi ya hita ndani ya nguo zake mwenyewe, na hii ndiyo sababu yule mshauri wa fulana tupu hasemi uongo.

Tena katika gereji hakuna upepo. Mkimbiaji wa nje hupulizwa na hewa inayofagia joto kutoka kwenye ngozi, bali anayeendesha baiskeli isiyokwenda popote hukaa ndani ya hewa yake mwenyewe iliyokwisha kupata joto. Hata chumba kikiwa na nyuzi 5 tu, baada ya robo saa jasho huanza kumchuruzika mgongoni. Mtu aliyevaa koti zito kwa kuogopa baridi hulowa mapema zaidi, na hapo ndipo makosa yanapoanza, kwa sababu jasho ni deni ambalo lazima lilipwe kwa joto.

Gramu moja ya jasho inapokauka kwenye ngozi huondoka na joto la takribani kilojuli 2.4. Fulana ya pamba iliyoloa kwa mazoezi ya nusu saa hubeba gramu 100 za maji bila taabu. Ili maji hayo yakauke yakiwa mwilini, zinahitajika kilojuli 240, na kama joto hilo lote litatoka kwa mvaaji, ni sawa na joto ambalo mwili uliotulia huzalisha kwa dakika 40 nzima. Zaidi ya hayo, maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, na kitambaa kilichoshiba maji hakina tena vijishimo vya hewa ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikizuia baridi. Wakati misuli ingali inatoa wati 500, deni hili halionekani. Mtu hujisikia vizuri na huona fahari mvuke ukipanda kutoka mabegani mwake. Likija kudaiwa, yeye ameshaketi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na katika majira yangu ya kwanza ya baridi sikuwa nimefundishwa hesabu hiyo. Nilimaliza seti tano za kuchuchumaa na vyuma begani, nikavua jaketi kwa sababu nilikuwa na moto, nikakaa kwenye benchi na fulana yangu ya pamba nikisoma ujumbe kwenye simu. Hazikupita dakika sita. Nilipoinuka kushika chuma tena, meno yalikuwa yakigongana, fulana ilikuwa imenigandama mgongoni kama kitambaa kilichotoka kisimani, na vidole vilikataa kufunga kibano kinachozuia sahani za chuma zisiteleze. Uzito ulikuwa uleule, chumba kilikuwa kilekile, na nusu saa kabla ya hapo nilikuwa natokwa na jasho. Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza swali la nguo kwa namna nyingine: si nguo gani itanipa joto, bali nguo gani itaniacha mkavu nitakaposimama.

Pamba ni kitambaa kizuri sana kwetu pwani kwa sababu hunyonya jasho na kulishikilia, na sifa hiyohiyo ndiyo inayoifanya isifae hapa. Nyuzi za poliesta hunyonya maji yasiyofika asilimia moja ya uzito wake, hivyo jasho hupita kati yake na kusogea kuelekea nje badala ya kukaa juu ya ngozi. Sufu ya kondoo ina tabia yake: inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kwamba imelowa, na hata ikilowa huendelea kuhifadhi joto kiasi, kwa kuwa nyuzi zake zilizojikunja hazilali kabisa. Kwa hiyo, ngozini huvaliwa fulana nyembamba ya poliesta au ya sufu laini, inayobana kidogo. Juu yake sweta jepesi. Na juu kabisa jaketi lenye zipu mbele. Nasisitiza zipu, kwa sababu nguo ya kuvulia kichwani humlazimisha mtu asimame, avue glavu na kofia, na mwishowe huona uvivu akaiacha mpaka ilowe. Hakuna haja ya kununua vitu vya ghali. Maduka ya mitumba yapo huku kama yalivyo kwetu, na sweta la sufu lililovaliwa na mtu mwingine kwa miaka kumi hufanya kazi ileile.

Kanuni ya kuvua ni kwamba zipu ifunguliwe mtu anapoanza kuhisi uvuguvugu, si anapoanza kutokwa na jasho. Na kanuni ya kuvaa, ambayo ni ngumu zaidi kuitii, ni kwamba jaketi lirudi mwilini mara tu seti inapokwisha, wakati mtu bado anaona halihitaji.

Hapa inabidi kutofautisha mazoezi na mazoezi. Anayeendesha baiskeli au kuruka kamba hufanya kazi mfululizo, na baridi humsumbua dakika chache za mwanzo tu. Anayenyanyua vyuma yuko katika hali tofauti kabisa: seti moja huchukua chini ya dakika moja, kisha hupumzika dakika mbili au tatu, maana yake ni kwamba katika saa moja aliyokaa gerejini amefanya kazi kama robo saa na kusimama muda uliobaki. Kwake yeye, nguo ya mapumziko ni muhimu kuliko nguo ya mazoezi. Namna moja ya kupunguza hasara ni kupokezanisha viungo, seti ya miguu ikifuatwa na seti ya mikono, ili sehemu moja ipumzike huku nyingine ikiendelea kuzalisha joto. Nyingine ni kutembea huku na huku badala ya kuketi. Siku ambazo gereji imeshuka mbali chini ya sifuri, mimi huacha uzito mkubwa na kufanya mizunguko ya uzito mdogo isiyo na vituo virefu, kwa sababu sioni faida ya kubeba mzigo mzito kwa misuli ambayo hupoa kila baada ya dakika tatu.

Misuli iliyopoa hujikunja polepole zaidi, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwa kuchelewa, na nguvu hupungua hata kama moyo wa mtu una hamu. Ndiyo maana wachezaji wa mpira hupasha misuli kabla ya mechi hata Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina joto. Katika gereji ya Januari jambo hili huhitaji muda mrefu zaidi, na si lazima lifanyike humo. Njia niliyoiona ikifaa kuliko zote ni kupasha mwili ndani ya nyumba: kupanda na kushuka ngazi, kuchuchumaa bila uzito, kuzungusha mabega, kwa dakika nane hadi kumi, kisha kuingia gerejini ukiwa tayari umevaa na una moto. Mtu anayeingia humo akiwa ametoka kitandani hutumia nusu ya muda wake kupambana na chumba.

Mikono inastahili maelezo yake. Chuma na mpini wa mbao vilivyolala katika gereji moja vina joto lilelile, lakini chuma huhisiwa kuwa cha baridi kali kwa sababu hupitisha joto mara mamia kuliko mbao, hivyo huunyonya mkono kwa kasi ambayo damu haiwezi kufidia. Wakati huohuo mwili unapohisi baridi hubana mishipa ya damu ya vidole ili kulinda moyo, ubongo na viungo vya ndani. Daktari Thomas Lewis wa Uingereza alieleza mwaka 1930 kwamba vidole vilivyowekwa katika baridi kali, baada ya dakika kadhaa, hufungua mishipa yake kwa muda na kuifunga tena, kwa zamu, na wengi wameyahisi maumivu yale ya kuchoma damu inaporudi. Lakini zamu hizo hutegemea sana hali ya kiwiliwili. Mtu ambaye kifua chake kimepoa vidole vyake hubaki vimefungwa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba glavu hazimsaidii huenda anahitaji kizibao kifuani kabla ya glavu nene zaidi. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya takribani nyuzi 15, wepesi wa kushika vitu vidogo hupotea, na hilo si jambo la kupuuza kwa mtu aliye chini ya chuma cha kilo 60.

Dawa nyepesi ya vyuma vidogo ni kuviingiza ndani ya nyumba usiku wa kabla. Vitalowa, kwa maana chuma baridi kikikutana na hewa yenye unyevu ya jikoni hufunikwa na umande, na lazima vifutwe kwa kitambaa kikavu visije vikashika kutu. Chuma kirefu hakiingii kila nyumba. Hicho hushikwa kwa glavu nyembamba zenye kiganja cha ngozi. Mkono wenye jasho usiguse chuma kilicho chini sana ya sifuri, kwa sababu unyevu huganda na ngozi hunasa. Sakafu ya zege nayo humnyonya mtu joto anapolala kwa mazoezi ya tumbo, na mkeka mwembamba wa jimu hautoshi. Kipande cha mbao au maboksi yaliyokunjuliwa chini yake hubadilisha hali kabisa.

Kofia ivaliwe, ila si kwa sababu inayotajwa mara nyingi, kwamba karibu nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Kichwa ni takribani sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, na kikiachwa wazi hupoteza joto linalokaribiana na kiwango hicho. Hadithi ya nusu ilitokana na majaribio ya jeshi la Marekani ambapo watu walivikwa mavazi mazito mwili mzima na kichwa pekee kikaachwa wazi. Bila shaka joto lingetoka pale palipokuwa wazi. Faida ya kofia ni kwamba huvuliwa na kuvaliwa kwa sekunde moja, kwa hiyo ni kidhibiti cha joto cha haraka kuliko zipu.

Kuhusu mapafu, baridi yenyewe si adui mkubwa kama ukavu. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikiwa imeshiba unyevu, hubeba takribani gramu 2 tu za mvuke kwa mita moja ya ujazo, ilhali hewa inayofika ndani ya mapafu inapaswa kuwa na gramu 44. Tofauti hiyo hulipwa na utando wa njia za hewa, na mtu anapohema kwa kasi utando hukauka, njia hujibana, na kikohozi hufuata. Kwa mwenye pumu hali hiyo inaweza kuwa shambulio kamili, na dawa yake ya kuvuta isikae mbali. Kwa wengine, kupumua kwa pua katika dakika za mwanzo na kufunika mdomo kwa skafu nyepesi, ambayo hunasa unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudisha kwa inayoingia, huondoa sehemu kubwa ya usumbufu. Maji nayo yanywewe kwa kukumbuka, maana baridi hupunguza kiu huku mwili ukiendelea kupoteza maji kwa pumzi na jasho.

Nimefika kwenye hita, na hapa naomba msomaji atulie nami, kwa sababu sehemu hii inahusu uhai. Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tuna mazoea ya jiko la mkaa. Njombe na Makete mwezi wa Juni na Julai, au Limuru upande wa Kenya, jiko huingizwa chumbani na milango hufungwa, na kila mmoja wetu amewahi kusikia habari za familia iliyolala isiamke. Gereji huleta majaribu yaleyale kwa sura nyingine: jenereta ya petroli, hita ya gesi iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje, jiko la kuchomea nyama, au gari linaloachwa likinguruma kidogo ili lipashe chumba. Vyote hivyo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni na kuinyima nafasi.

Mfanya mazoezi yuko katika hatari kubwa kuliko mtu aliyeketi chumba kilekile. Aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Anayefanya kazi ngumu anaweza kuvuta lita 60 na zaidi, na sumu humwingia kwa kasi hiyo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, yaani mambo ambayo mtu anayejituma huyatarajia na kujivunia kuyavumilia. Kuacha mlango wazi kidogo si kinga ya kutegemea, na gesi hupenya pia kuingia nyumbani ambako watoto wamelala. Kifaa chochote kinachochoma mafuta, gesi ya kupikia, kuni au mkaa kisitumike humo, na kengele ya kutambua kaboni monoksidi iwekwe hata kama mtu anaamini hana chanzo chake. Dalili hizo zikitokea, toka nje kwanza, watoe na walio nyumbani, kisha ndipo uite msaada.

Hita ya umeme ni salama zaidi ikichomekwa moja kwa moja ukutani, bila waya wa nyongeza, mbali na taulo na mikeka. Wati 1500 hazitoshi kupasha gereji nzima yenye mlango mpana wa bati, na kuiwasha saa mbili kabla ni kupoteza fedha. Aina inayotoa joto la mnururisho, ile inayong'aa nyekundu, hupasha mwili ulio mbele yake bila kungoja hewa ipate moto. Ikielekezwa mahali pa kupumzikia, hutumika pale inapohitajika.

Wapo ambao kwao gereji ya baridi si mahali pa kujaribia bila ushauri wa daktari. Baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo wenye maradhi ya moyo wajihadhari, vilevile wenye kisukari waliopoteza hisia za miguu. Lakini nawataja kwa namna ya pekee wenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana katika jamii zetu na usiofahamika vyema kwa majirani zetu wa huku. Baridi na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuchochea maumivu makali ya ugonjwa huo, na mazoezi ya gerejini huweza kuleta yote mawili kwa pamoja. Kijana mwenye selimundu anayetaka kujenga mwili ana haki ya kupewa nafasi sebuleni, hata ikibidi meza isogezwe.

Kwa kila mtu, mtetemo usiozuilika, ulimi mzito, au vidole vilivyogeuka vyeupe na kufa ganzi ni amri ya kuacha na kuingia ndani. Na hata pasipo dalili yoyote, mwisho wa mazoezi upangwe kama mwanzo wake. Seti ya mwisho ikiisha, joto la misuli hushuka mara moja, ilhali mishipa ya ngozi bado imefunguka na jasho linaendelea kukauka. Huo ndio muda ambao watu hunyoosha viungo wakiwa wamelala kwenye zege. Kunyoosha kufanyike ndani, baada ya kubadili nguo. Mimi hutundika fulana kavu kwenye kitasa cha mlango wa jikoni kabla sijaanza kupasha misuli, na glavu nikishazivua sishiki simu wala chupa ya maji mpaka fulana hiyo iwe mwilini.